Mashine Imenyamaza, Sakafu Haijanyamaza

Jumamosi, Manika, mtaa wa migodi

Imewaka! Mashine ya kuvuta vumbi ya marehemu baba, kimya tangu utoto wangu. Niliweka waya mpya, na bomba lililopasuka nikalifunga kwa mpira wa tairi la pikipiki. Ikanguruma nyumba nzima.

Tata Kalala, jirani yangu, akaita juu ya ukuta: "Iache ilie tu, mama! Makelele haina neno." Yeye, anayegomba hata batoto yangu bakiimba!

Sakafu ilitetemeka. Nikasema ni mota, haijakaa sawa. Nikachomoa waya niichunguze. Mashine ikanyamaza. Sakafu ikaendelea kutetemeka.

Niliweka sikio kwenye simenti. Chini kulikuwa na chuma kinachogonga jiwe. Kisha mtu akakohoa.

Tangu mwezi jana Tata Kalala ameweka turubai uani. Alisema anachimba choo. Choo gani kinafika chini ya kitanda changu? Yeye na watu wake wanafuata madini, na nyumba yangu iko juu yao.

Batoto nimewatoa, wako kwenye jiko la nje. Naogopa kukanyaga chumbani. Kumuuliza naogopa zaidi, maana...

Ameita tena sasa hivi, kwa upole: "Mama, mashine unazima juu ya nini? Iwashe, ilie tu."