Baba Amekupa Ruhusa ya Kusema

Tassia, Embakasi,
Nairobi.
Jumapili, 19 Oktoba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mideva,

Nisamehe. Wiki sita tangu uende masomoni na hii ndiyo barua ya kwanza kutoka kwangu. Nilianza tatu. Moja Elsie aliitafuna, ya pili nililalia kalamu ikiwa mkononi, ya tatu nikaichana mwenyewe kwa sababu ilikuwa ya hasira.

Hujambo lakini? Kifua kimeacha kukubana na hiyo baridi ya Finland? Unakula ukashiba? Sisi Mungu anatuweka. Elsie anaota meno mawili ya juu kwa pamoja, kwa hivyo hapa halali mtu, ila ni mzima na ameanza kutambaa. Zedekiah bado ni shifti ya usiku kiwandani. Akiingia asubuhi kulala, mimi ndio nakaa kwa cherehani. Mume na mke tunasalimiana mlangoni kama majirani.

Barua hii na kifurushi utaletewa na Wehliye, mpwa wake Sahro, yule mama wa Eastleigh ninayenunua vitambaa kwake. Wehliye anaenda kumwona dadake mji huo wako. Nimekuwekea majani chai na unga wa wimbi. Sahro alipouona akaniuliza, "Kwani huko kwa wazungu hawali?" Nikamwambia wanakula, lakini nani atamkorogea mtoto wetu uji?

Sasa tuje kwa lile jambo lako. Ile sauti uliyotuma kwa simu nimeisikiliza mara nne. Unasema unataka kubadilisha tiketi urudi kabla semesta haijaisha. Ati mwalimu anapeana maksi kwa kuongea darasani, na wewe sehemu hiyo una sufuri. Amekuambia ukinyamaza hivyo hadi mwisho utaanguka somo zima. Na ukasema, "Phelister, mimi nawasubiri wamalize ndio niseme, na hawa watu hawamalizi!" Hapo nilicheka, nisamehe tena. Halafu nikasikia unavyovuta makamasi, nikaacha.

Sikukujibu kwa simu kwa sababu ungelia, nami ningelia, na mtu anayelia hashauriki.

Mideva, najua ulikotoa huo ukimya. Hukuutoa kwa woga. Ni ule tuliolelewa nao. Mkubwa akisema, mdogo anangoja amalize, na asipoulizwa hasemi. Hata nyama mezani tulingoja tuambiwe. Lakini pia mimi ndiye nilikuwa nimesimama kwa ngazi na Elsie tumboni, siku ile wapangaji wote wa ploti walikuwa wanamnung'unikia Muoki chinichini juu ya maji. Yeye ndiye mwenye funguo za pampu na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Wewe ukashuka na mtungi mtupu ukamwambia mbele ya wanaume, "Mzee Muoki, shikamoo. Kama tangi limejaa, mbona sisi wa ghorofa ya sita tunaoga na kikombe?" Watu walicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Tangu siku hiyo maji yanapanda Jumanne na Jumamosi. Sikuwahi kukuambia, lakini nilikutazama nikasema moyoni, huyu msichana ana kitu ambacho mimi sina.

Baba yuko hapa kwangu tangu Jumatano, ameletwa na macho, anaonwa kliniki. Nilimweleza shida yako akiwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Huyo mwalimu ni mtu mzima?"

Nikamwambia, "Mtu mzima, Baba. Ana mvi."

"Na anataka mtoto wangu amkatize maneno?"

"Anataka, Baba. Hiyo ndiyo maksi yenyewe."

Alicheka hadi akafuta dawa yote machoni, ikabidi nimtie upya. Halafu akasema, na nayaandika alivyoyasema: "Mwambie Mideva, mwenye nyumba akikuambia ingia na viatu, unaingia na viatu. Nimempa ruhusa. Aseme. Lakini akirudi kwangu, sheria ni ile ile."

Kwa hivyo ruhusa unayo, tena ya mtu aliyetufunga midomo. Usiniambie tena hapo si mahali pako. Waliokuchagua kati ya darasa zima la chuo hawakukosea. Mimi niliishia kidato cha nne, na mgongo ukiniuma hapa kwa cherehani huwa nakuwaza umeketi kati ya watu wa mataifa, mtoto wa mzee wetu Luseno wa reli, umefungua daftari. Najikuta nimenyooka.

Nakupenda, ndiyo maana nasema wazi: ukirudi kabla ya siku yako, chai nitakupa na kitanda nitakupa, lakini sitakuambia umefanya vizuri.

Baba anakusalimu, na Mama kule nyumbani Mbale anakusalimu. Zedekiah anasema usitembee bila kofia. Muoki naye anauliza lini utarudi, nafikiri anakuogopa. Elsie hasemi kitu bado, lakini nikimwonyesha picha yako anailamba.

Mungu aliyekuvusha hewani akukalishe salama, na akufungue kinywa.

Kabla sijafunga, haya ndiyo bado nangoja kutoka kwako. Kipimo cha mkono wako, bega hadi kifundo, nikushonee koti lenye bitana. Niambie ulikoficha ufunguo wa sanduku lako, maana cheti changu cha kuzaliwa kimo ndani. Picha yako ukiwa darasani. Za theluji zimetosha. Swali la kwanza utakalomuuliza huyo mwalimu, uliandike kwa Kiswahili nimsomee Baba. Na ile tiketi ya kurudi: ipige picha unitumie, nione kwa macho yangu kwamba bado imeandikwa tarehe ishirini na moja Desemba.

Ni mimi dada yako, anayekupenda na asiyekubembeleza,
Phelister (Mama Elsie)