Uchunguzi Uliowakimbiza Akina Mama wa Kipsing

Chechelesi, Isiolo

Mama mpendwa,

Habari za huko Kirinyaga? Natumaini kikohozi cha Baba kimepoa na majani chai yanachunwa vizuri. Mimi mzima, ila jua la huku limenichoma hadi ukiniona utanikana.

Dada Muthoni alinipigia simu. Ameniambia kuhusu uvimbe ulio nao kwenye titi, na kwamba ulimkataza kunieleza. Usimgombeze. Nilikasirika, Mama, halafu nikaogopa. Naandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza kuniuliza nitaolewa lini.

Mwezi uliopita sisi wauguzi tulienda Kipsing kuzungumza na akina mama juu ya saratani. Nilikuwa nimetuma ujumbe kwamba tunakuja kufanya uchunguzi, kila mama afike. Tulipofika tulikuta mbuzi tu. Ekai, mhudumu wa afya wa kijiji, alicheka hadi akashika mbavu.

"Sista, hiyo uchunguzi hapa ni maneno ya polisi. Watu wanafikiria munatafuta ng'ombe ile ilipotea."

"Basi tuseme kupimwa."

"Ai, hapana! Watasema ni ukimwi. Sema munakuja kuangaliana."

Tukaita upya, wakaja. Mama mmoja, Nakiru, alikuja wa mwisho, akaketi peke yake. Titi lake lilikuwa limeshafanya kidonda. Mama mkwe wake, aliyeketi mbali akimshika mtoto wa Nakiru, aliamini ugonjwa ule unaambukiza, kwa hiyo alikuwa amemchukua mtoto huyo, akawa analala naye yeye. Niliketi karibu na Nakiru, nikamshika mkono, nikasema mbele ya wote kwamba hii ni saratani, si laana, wala haiambukizi. Ekai akatafsiri. Mama mkwe akauliza kupitia kwa Ekai, "Kwa hivyo mtoto anaweza lala na mama yake?"

Nikasema anaweza. Akamwachilia mtoto, naye akamkimbilia Nakiru. Nililia, na sijali nani aliniona.

Baadaye nilimuuliza Nakiru kwa nini alinyamaza tangu uvimbe ukiwa mdogo. Akasema aliona haya kumwonyesha mtu. Sasa ameanza matibabu, lakini amechelewa, na daktari hakutuficha. Uvimbe wako bado ni mdogo, Muthoni anasema. Huenda hata si saratani. Mimi sijui, na wewe pia hujui.

Najua unawafikiria akina mama wa kanisani, kwamba watanong'ona na kusema umerogwa. Wacha wanong'one. Ukiwa hai utawajibu mwenyewe, na mdomo unao.

Nisalimie sana Baba, na nyanya yangu Shosho, na dada yangu Muthoni ambaye amefanya vizuri kutokukutii. Ijumaa nitafika nyumbani. Usichinje kuku wala usiite majirani. Jumatatu asubuhi tunaenda hospitali, mimi na wewe. Nimeangalia matiti ya wanawake wengi huku nikiwaambia si aibu, Mama, na habari za titi la mama yangu nimezisikia kwa simu ya Muthoni.

Binti yako anayekupenda,
Wanja