Krismasi Imeangukia Siku Yangu ya Kuandika

Jumanne, Desemba 23. Joto.

Joto la Kariakoo la Desemba, lile la kuamka umeshachoka. Saa moja asubuhi, nimekaa nyuma ya kaunta, mlango wa duka nimeufungua nusu, na nje wabeba mizigo wameshaanza kugombana na watu wasiopisha. Nina hasira. Na sitaki ziishe haraka.

Kwa asiyenijua: nauza vifungo, zipu na uzi. Na kwa miaka minne naandika kwenye blogu hii kila Jumatatu na Alhamisi kabla sijafungua duka. Nimeandika nikiwa na malaria. Nimeandika siku ya Idi, vidole vinanuka bizari. Sijawahi kuruka siku, na nilijivunia hilo kuliko hata duka.

Mwezi uliopita maneno yakakauka. Nikikaa kuandika naishia kuikodolea macho kalenda. Mama akasema nenda Tanga kwa mama yako mdogo, pumzika wiki mbili. Nikakubali, ila nikaogopa: wasomaji wakikuta kimya Alhamisi, Jumatatu watarudi? Nikampa Aika pasiwedi. Aika ana duka la mabegi, ukuta mmoja na langu, na ndiye ninayemwambia kila kitu.

"Niandikie mara nne tu," nilimwambia. "Andika kama ninavyoandika mimi."

Tatu za kwanza zilikuwa nzuri. Ya nne ilitoka nikiwa kwenye basi narudi.

Ilikuwa habari yangu. Tena kwa "mimi", kana kwamba nimeandika mwenyewe: jinsi mchumba wangu alivyovunja ndoa siku tisa kabla ya nikahi, na jinsi nilivyokwenda kukaa kwenye ngazi za kwao tangu adhuhuri mpaka alasiri, nikimbembeleza mtu aliyekuwa ndani ananichungulia kupitia pazia.

Mtaa mzima unajua mimi ndiye niliyemkataa. Ndivyo nilivyowaambia. Ndivyo nilivyomwambia Mama.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa na simu mkononi. Hakufoka. Aliuliza tu, "Ulikaa kwenye ngazi za watu, Salha? Na mimi mama yako nipo hai?"

Bora angenipiga.

Niliifuta, lakini ilikuwa imeshazunguka kwenye magrupu. Na nikiri jambo jingine: ilipata maoni mengi kuliko chochote nilichowahi kuandika. "Leo ndiyo umesema kweli," msomaji mmoja aliandika. Hilo nalo nilimwekea Aika kinyongo.

Sikumsalimia tena. Nikakaa nikaandika ya kwake.

Kila Krismasi Aika anapanda Moshi peke yake na kuwaambia wazazi wake kuwa mumewe kabanwa na makontena bandarini. Mumewe alihama mwaka juzi. Ana mke mwingine Mbagala. Niliyaandika yote, na Mungu anisamehe, sijawahi kuandika vizuri vile. Mdogo wake Aika huisoma blogu hii kwa sauti, wazee wasikie. Nikaitega itoke yenyewe Alhamisi hii, saa saba mchana, ukoo mzima ukiwa kwenye sahani.

Alhamisi. Siku yangu. Nikaona hata kalenda iko upande wangu.

Jana jioni Aika akaja na begi la safari, lebo ya dukani kwake bado inaning'inia.

"Nasafiri alfajiri," akasema. "Hutaki hata kuniuliza kwa nini nilifanya vile?"

"Kwa nini?"

"Ulisema niandike kama unavyoandika wewe. Si ndivyo unavyoandika? Nilipopoteza mimba uliniandika. Ukaniita 'jirani yangu', kana kwamba una majirani kumi wanaouza mabegi. Wateja wakawa wananipa pole hata sijawaambia. Uliniomba ruhusa, Salha?"

Asiye na jibu huwa na sumu, nikamwambia, "Alhamisi saa saba mchana, fungua blogu."

Alielewa. Akashika mpini wa lile begi kwa mikono miwili.

"Baba ana presha," akasema.

"Safari njema."

Leo asubuhi duka lake limefungwa. Nimefungua kompyuta nikaitafuta ile ya zamani, ya mimba. Nimeisoma mara mbili. Siku ile Aika alinipigia nimpelekee kanga hospitali. Nilimpelekea, nikamshika mkono, nikarudi nyumbani nikaandika. Ilikuwa Jumatano, na sikuwa na kitu cha Alhamisi.

Hiyo ndiyo ratiba yangu niliyokuwa najivunia.

Nimeifuta. Kisha nimeifuta na ya Krismasi, ingawa hiyo mkono ulisita, maana ni nzuri kweli.

Ila sijamwambia.

Saa hizi basi la Aika litakuwa limeshapita Chalinze. Ujumbe ni neno moja tu, "nimeifuta," na simu ninayo hapa mkononi. Siutumi. Alhamisi atakula mtori na simu mapajani, macho yote kwa mdogo wake. Nimewaza pia kwamba kwa hofu huenda akawaambia wazee mwenyewe kabla ya saa saba kufika. Nimeliwaza hilo vizuri, nikanywa chai yangu, na bado siutumi. Mama alikaa na simu siku nzima akinisubiri mimi. Na Aika naye asubiri.

Sijamsamehe. Nimeshindwa tu kuwa mwovu mpaka mwisho.

Alhamisi hii hapa patakuwa kimya kwa mara ya kwanza, na Jumatatu pia, mpaka nipate jambo la kuandika lililo langu mwenyewe. Pasiwedi nilishaibadilisha tangu niliporudi. Wasomaji watakaoondoka na waondoke.

Na hii niliyoandika leo siitoi. Itabaki humu ndani mpaka Aika arudi Januari. Nitamkalisha hapa kwenye kaunta aisome yote, pamoja na kile kipande cha mumewe, na pale niliposema sijamsamehe. Akisema futa, nafuta mbele yake.

Kama wewe unaisoma, basi ujue alisema iache.