Kwa Dada Kemunto, Ambaye Hatuna Picha Yake

Dada yangu Kemunto,

Barua hii sitaifunga. Nitaiacha wazi mezani, na anayetaka kuisoma aisome, kwa sababu nina hasira, na zaidi ya nusu ya hasira hiyo ni juu yako. Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitakusema, kisha nitalia, kama ninavyofanya kila mara.

Unakumbuka ilivyoanza? Tulikuwa tunaishi kampi ya wafanyakazi, chini ya kiwanda cha chai ambako baba alikuwa akipasua kuni za tanuri. Siku moja mama alikutuma Kericho mjini ununue chumvi, ukapita mbele ya duka la Hirji, fundi wa picha. Alikuwa amekaa mlangoni. Akakuita.

"Wewe msichana, iko na shingo mzuri. Kuja nipige picha."

Ulirudi nyumbani bila chumvi. Mama alikugombeza mpaka sauti ikamkauka, na wewe ulikuwa unacheka tu. Tulipokwenda kuteka maji ukaniambia, "Moraa, kuna kazi ya kusimama. Mtu anasimama, picha yake inawekwa kwa mkebe wa chai, dunia nzima inamwona." Nilikuuliza ni nani aliyekuambia uongo huo. Ukasema Hirji amekuonyesha mikebe kutoka ng'ambo, na kwenye kila mkebe kuna mwanamke.

Tangu siku hiyo nilikuwa mtumishi wako. Kila Jumapili asubuhi tulishuka mjini kabla mvua ya alasiri haijafika. Wewe ulimfagilia Hirji duka na kumwoshea sinia zake za dawa ya kusafishia picha, naye akakupiga picha. Mimi nilisimama kando nimeshika shuka jeupe, jua liligonge na kurudi usoni mwako. "Juu, Moraa! Juu kidogo!" Mabega yaliniuma mpaka Jumanne. Na bado nilipenda kukutazama. Ulikuwa ukitulia mbele ya ile kamera kama mtu aliyefika kwao.

Hirji alikuwa mkali, lakini alijua kazi. Ulipotaka kuweka kila picha kwenye ile albamu ya karatasi nyeusi aliyokupa, alizitoa moja moja akazirusha mezani. "Hii hapana. Hii macho nafunga. Picha moja baya naharibu mzuri yote." Ukanuna. Akakwambia mwenye kazi hataki kuona uso ule ule mara nyingi; anataka kujua kama unaweza kucheka, kama unaweza kunyamaza, kama mikono yako inajua kushika kitu. Basi mkaanza upya. Mkapiga ya kikapu mgongoni. Mkapiga ya gauni jeupe la kanisani. Kuna moja ya ubavuni, ambayo shingo yako ilionekana yote, na nyingine ya mikono peke yake juu ya majani ya chai. Ile niliyoipenda mimi ni ambayo ulikuwa unanicheka, kwa sababu upepo ulikuwa umenifunika shuka kichwani. Hirji aliiangalia kwa muda mrefu, akasema, "Hii, weka mbele."

Baba hakutaka kusikia. "Msichana anazunguka na uso wake kama anauza kuku," alisema. Wakati huo mwalimu kutoka kwetu Kisii alikuwa ameshatuma wazee, na ng'ombe walikuwa wameshatajwa. Wewe ukasema asubiri. Mwalimu akasubiri msimu mzima wa mahindi, kisha akaoa kwingine. Mama alilala na kichwa kimefungwa kitambaa. Ulimwambia, "Mama, utaona." Ulisema hivyo kwa uhakika hata mimi nikaamini.

Na kweli akaja. Mzungu mwenye kofia pana, mpiga picha aliyetumwa na wenye chai kutafuta sura ya tangazo. Alifikia kwa meneja wetu. Mnyapara akapita kampini akitangaza kwamba wanatakiwa wanawake wa kupigwa picha wakichuma chai. Watu walicheka. Chai yetu ilichumwa na wanaume na watoto. Wanawake wengi walikuwa kwenye vishamba vyao vya wimbi. Lakini picha ilitaka mwanamke.

Wengine walikwenda mikono mitupu. Wewe ulikwenda na albamu chini ya kwapa, umejipaka mafuta, na mimi nyuma yako. Mzungu aliifungua pale barazani kwa meneja. Alipoona ile ya kicheko alisimama. Akamwita mke wa meneja, naye akaja akatazama, akasema kwa Kiswahili chake, "Yeye nasema wewe mzuri sana. Yeye nataka peleka hii kitabu kwa wakubwa, Ulaya. Halafu rudisha."

Nilikuvuta gauni. Nilikwambia kwa lugha yetu, "Usimpe zote. Toa moja tubaki nayo. Toa ile ya kicheko."

Ukaniondoa mkono. "Mtu anayetafuta kazi hafichi kazi yake, Moraa. Nikitoa nzuri, watanionaje?"

Hayo ndiyo maneno yako. Nimeyatafuna miaka yote hii na hayajalainika.

Alikupiga picha siku nzima kwenye mashamba, kikapu mgongoni, mpaka mvua ikamfukuza. Kesho yake akaenda zake kupanda treni, na albamu yako ndani ya sanduku lake. Nawe ukaanza kungoja. Kila gari lilipopanda kwa meneja ulitoka nje kuangalia. Ulikwenda kumuuliza yule mke wa meneja, akakwambia Ulaya ni mbali. Ukaenda tena, akamtuma mpishi akuambie amelala.

Halafu mvua kubwa ikaja na homa yake. Kampi nzima ilitetemeka. Wewe uliugua Jumatatu, na kufikia Ijumaa ulikuwa humjui mama. Baba, yule aliyesema unauza uso, ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka kwa daktari wa kampuni, akakurudisha vile vile mgongoni, lakini umenyamaza.

Baada ya maziko baba alirudi kupasua kuni. Kisha akaniambia, "Nenda kwa yule Muhindi. Mwambie naomba picha moja tu." Nilikwenda mbio, kumbe nilikuwa nakimbilia bure. Hirji aliponiona peke yangu alijua. Alishika kichwa. "Ile vioo ya picha mimi naosha yote, natumia tena," alisema, maana yake vile vioo ambavyo picha huchapwa kutokana navyo. "Kioo mpya natoka mbali. Mimi nafikiri kitabu iko." Akanipekulia makasha yote, akamwaga mpaka sakafuni. Hapakuwa na kitu. Alilia, dada. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini baba.

Tulimwandikia meneja kwa mkono wa karani, tukiomba albamu irudishwe. Meneja akasema yule bwana hakuwa mtu wake. Basi.

Mwaka uliofuata mama na mimi tuliingia duka moja pale Kericho, na ukutani kulikuwa na bango jipya la chai. Mwanamke na kikapu. Mwili umegeuka ubavu, shingo imeinuka, mkono juu ya majani. Mama aliniachia mkono. Uso ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Walikuwa wamempaka rangi nyeupe nyeupe, wakamvika pete puani na kitambaa cha kung'aa kichwani, na nyuma yake wamechora minazi. Minazi, Kemunto! Hapa kwetu penye baridi ya kuvunja meno!

"Huyu amesimama kama mtoto wangu," mama akasema.

Mwenye duka akasema, "Mama, kama hununui, songa wengine wapite."

Nilimuuliza mama kama nimwombe lile bango. Akakataa. "Wamebakisha kusimama kwake," akasema. "Mtu mwenyewe wamemtoa." Tukarudi kampini, na mpaka leo mama hanywi chai. Anakunywa uji.

Nawachukia wale watu. Nakuchukia na wewe kidogo, kwa ule ukaidi, na kwa kuwa ulikuwa sahihi: uso wako ulifaa kweli kuonwa na dunia nzima. Mimi nilikuwa nataka uonwe na sisi.

Nimeolewa sasa, nina binti. Tulimpa jina lako, kama ilivyo desturi. Juzi alikuwa amekaa jikoni akiniangalia nikimenya viazi, akaniuliza, "Mama, yule Kemunto mkubwa alikuwa anafanana aje?" Nikaweka kisu chini ili nimweleze vizuri. Nikamwambia ulikuwa mrefu. Nikamwambia ulikuwa na shingo nzuri. Nikafungua mdomo niseme juu ya macho yako, na sikuyaona. Nilikutafuta pale pale nimekaa, mtoto ananingojea, na uso haukuja.

Lala, dada. Mimi sijui nililaze wapi hili.

Mdogo wako,
Moraa