Kiwingu Bado Hajafika Kwao

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba uvumilivu pia, maana barua hii nimeianza mara tatu na kila mara najikuta naandika habari za mume wangu badala ya shida yangu. Mume wangu aliigiza sauti kwenye katuni. Kama umewahi kukaa sebuleni saa kumi jioni huenda umemsikia, yeye ndiye aliyekuwa Kiwingu, yule wingu mdogo aliyepotezwa na upepo, ambaye kila siku anauliza njia ya kwao na kila siku anaelekezwa kwingine. Miaka kumi na moja. Watu walidhani ni sauti ya mtoto, kumbe ni baba mzima mwenye kitambi na ndevu, anavua viatu mlangoni mwa studio ili sakafu isilie, anatafuna kipande cha tofaa ili mdomo usikauke, anakumbatia mto tumboni ndipo anaitoa ile sauti nyembamba kama ya mtu anayekaribia kupiga chafya.

Nyumbani alikuwa mkimya. Sauti ilikuwa ndiyo kazi yake, akaitunza, na siku moja kabla ya kurekodi alikuwa haongei kabisa, ananiandikia vikaratasi, ninavyo mpaka leo ndani ya kopo la majani ya chai. Kimoja kinasema, "Chumvi imezidi ila sijasema kitu." Kingine, "Fundi bomba kasema kesho, yaani mwezi ujao." Neno moja tu hakuliacha hata siku hizo za kunyamaza. Akirudi kazini alipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, "Hodi, jirani," nami najibu, "Karibu, jirani," kwa sababu tulianza tukiwa majirani, chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta mwembamba, nikamjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura.

Alifariki miezi minane iliyopita, asubuhi, akifunga kamba za viatu.

Sasa imebaki sehemu moja ya katuni, ya mwisho, ambayo Kiwingu anafika kwao, na mume wangu hakuwahi kuirekodi. Msimamizi wa studio alikuja nyumbani, akanywa chai, akazunguka weee, mwishowe akasema, "Mama, niseme wazi tu. Hakuna mwingine. Wewe unaiweza." Anajua kwa sababu miaka miwili iliyopita mume wangu alishikwa na mafua siku ya kurekodi, nikampelekea dawa, nikakuta wamekwama kwenye mstari mmoja, na mimi kwa kuropoka nikausema kama Kiwingu, maana miaka yote hiyo nilikuwa namsomea wakati wa mazoezi, wakauacha hivyo hivyo. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Hakuna mtazamaji aliyegundua.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliposikia alinijia juu. "Shati lake unalivaa, sawa. Mto wake unaulalia, sawa. Sasa na koo lake unalitaka?" Nikamwongezea chai.

Lakini mshauri, kinachonitesa si hicho. Siku ile msimamizi alipoondoka niliingia ndani ya kabati la nguo, humo ndimo alimofanyia mazoezi kwa sababu makoti humeza mwangwi, nikafunga mlango, nikajaribu. Kiwingu akaja. Akaja mzima, kama aliyekuwa akinisubiri ndani ya mkono wa koti. Nikamuuliza ulikuwa wapi, akanijibu kwa koo langu kwamba alikuwa juu ya paa siku zote, tukaongea, nje mvua inanyesha taratibu, sijui ni muda gani, nilipotoka chai ilikuwa imepoa nami nilikuwa na furaha, nakiri, furaha kabisa. Sasa naingia humo kila siku. Na juzi nikiwa humo nikataka kukumbuka mume wangu alivyosema "Hodi, jirani" kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito ya mtu aliyepanda ngazi, na haikuja. Ilikuja ya Kiwingu. Hata vikaratasi nikivisoma sasa vinasomeka kwa Kiwingu. Na sina pa kumsikilizia, nyumbani hakupenda kurekodiwa, alisema ya studio yanamtosha, maana huko fundi sauti humnasa hata akikohoa, halafu anashinda anakata makapi.

Nikikubali, naogopa nitamfukia kabisa. Nikikataa, atatafutwa mgeni, au Kiwingu asifike kwao, na siku hiyo ya kufika mume wangu aliingojea miaka kumi na moja. Wanataka jibu Ijumaa. Nishike lipi?

Ni mimi, Jirani.

JIBU

Dada yangu, pole sana. Jina ulilotia sahihi sitakuita, lina mwenyewe.

Nianze na ugomvi. Miezi minane, halafu unajifungia kabatini na wingu! Sikucheki, na furaha uliyoipata humo si kosa, usiitubie. Ila ukiongea na Kiwingu kutwa nzima, utasikia nini kingine? Mumeo hajapotea. Umemzidishia kelele tu. Funga hilo kabati mpaka Ijumaa.

Na wifi yako usimwongezee chai, mwongezee maneno. Kiwingu akimalizika na yeye anabaki bila sauti ya kaka yake. Hasira zake ndiyo hayo hayo machozi yako.

Sasa nisikilize. Umeandika dawa yako mwenyewe ukaipita bila kuiona. Mimi husoma barua zenu redioni kila Jumatano, najua mashine ya kurekodi huwashwa kabla hujaanza na huzimwa baada ya kumaliza. Katikati mtu anakohoa, anaomba maji, anasema "hapo nimekosea, turudie." Hayo ndiyo makapi. Na mumeo hakuomba maji kwa sauti ya Kiwingu! Kesho asubuhi mpigie fundi sauti, usimpigie msimamizi. Mwombe chochote ambacho hakukifuta. Mafundi wengi hawafuti. Akiwa nacho, nenda na wifi yako, mkae mtu na wifi yake, msikilize mpaka mshibe. Akiwa hana, mwambie wifi akusimulie kaka yake alivyokuwa akiongea, naye akuigizie, hata akikosea. Utamsahihisha, na katika kumsahihisha utamsikia.

Baada ya hapo mjibu msimamizi: ndiyo. Sehemu hiyo moja, basi. Akikuletea nyingine, kataa. Humchukulii mumeo koo. Ulimsomea miaka yote, huu ni ukurasa uliobaki mezani.

Siku hiyo vua viatu mlangoni. Kula tofaa. Mfikishe Kiwingu kwao. Na ukimaliza mstari wa mwisho usikimbilie kutoka, mashine itakuwa bado inazunguka. Weka mto chini, uvute pumzi, useme kwa sauti yako wewe, "Karibu, jirani."

Fundi atataka kulikata neno hilo. Mwambie akutunzie.