Hata Jani Hakufunua

Busale, Jumanne

Hata jani moja hakufunua kuangalia!

Wifi yangu Tusa karudi leo kutoka msibani Karonga. Alipoondoka Alhamisi aliniachia kokoa yake aliyoivundika sandukuni. "Wifi, uigeuze kila baada ya siku mbili, isije ikaota ukungu." Kusema kweli niliogopa, maana ikiharibika ni mavuno yao yote. Lakini niligeuza. Jumamosi niligeuza mvua ikininyeshea, na mazoezi ya kwaya nikayakosa. Mikono bado inanuka siki.

Kwa hiyo leo nilimsubiri kwake, nimejiandaa. Atafunua majani ya mgomba, atanusa, atashangaa, nami nitajifanya si kitu.

Wapi! Alipita kando ya sanduku kama halipo. "Ndaga, wifi," asante hiyo tu, basi. Akaketi, akaomba maji ya kunywa.

Nikanuna. Sifichi, nilinuna kabisa. Nikajiambia safari nyingine atafute mtu mwingine.

Mara kaka yangu, yaani mumewe, akatoka ndani na tabasamu lake lile. "Mke wangu, nguruwe nimewalisha kila siku, wala usiwe na wasiwasi."

Wifi akatua kikombe hata nusu hajafika, akainuka, akaenda bandani kuhakikisha.

Nilibaki na lile sanduku langu lisilokaguliwa. Kununa kote kuliishia pale. Nikachukua kikombe chake, nikamfuata bandani na maji, huku nacheka peke yangu.