Yule Dume wa Bata Mzinga na Mdomo Wangu

Mpendwa shemeji,

Nimebishana na walimu, masheikh na madereva wote wa teksi za mtaa wa Bani Malik hapa Jeddah, na sijawahi kukubali kushindwa. Leo nakubali, hadharani, katika safu yangu hii ya gazeti, na aliyenishinda ni bata mzinga.

Unamkumbuka yule dume wa mwitu wa bosi wako, aliyetoroka bandani kule shambani nje ya Riyadh, wiki niliyokuja kukutembelea? Bosi alikwambia asipopatikana kabla ya Ijumaa, halas, basi tena, ikama yako, kile kibali cha kuishi, haiongezwi muda. Siku ya kwanza nilikupokonya kile kisanduku cha mbao, kile kinachosuguliwa kikalia kama jike, nikakisugua asubuhi nzima. Dume alinijibu kutoka mitendeni, asisogee hata hatua. "Anasikia jike, hamwoni," ukasema. "Hata wewe usingekuja." Siku ya pili tukaweka jike wa bandia bila sauti: ule mto wako wa kulalia, ulioushonea manyoya uliyookota bandani. Dume akapita mbali, hata shingo hakugeuza.

Siku ya tatu ukaviunganisha. Mto uwanjani, sisi kichakani nyuma yake, ili sauti itoke palepale macho yanapotua. Ukasugua mara mbili. Dume akaja kwa maringo, mkia ameufungua. Nikanyoosha mkono nisugue tena, ukaukalia.

"Akishaona, nyamaza, shemeji," ukaninong'oneza. "Ukiendelea atakutafuta wewe, na wewe si mzuri."

Niliuma kilemba nisicheke. Akauzunguka mto mara moja, ukamtupia wavu. Jioni ukanipa mto ule niondoke nao Jeddah, niwe na mtu wa kubishana naye.

Kisha Idi ya mwaka jana, nyumbani kwangu mtaa wa Ghulail, mbele ya wageni, nikasema mtu aliyesoma kama wewe hafai kuwa mchunga bata. Ulishuka ngazi na viatu mkononi, na hujarudi. Tangu siku hiyo nimekuandikia jumbe ndefu, kila moja ikithibitisha kwamba hoja yangu haina tundu. Unazisoma, husogei. Jana dada yako, mikono imejaa unga, akaniambia: "Mwaka mzima unamwita tu. Umemwonyesha nini?"

Sikuwa na jibu. Wasomaji wangu wanajua hilo hutokea mara ngapi. Wapo wenzangu wa kalamu wanaoamini anayenyamaza ameshindwa. Waje shambani kwako wafundishwe na ndege.

Basi nasugua mara mbili tu. Nilikukosea. Na kazi yako ni kazi, tena siku zile tatu mwanafunzi nilikuwa mimi.

Idi imekaribia. Dada yako ametandika mkeka upande wa dirishani, unapopenda kukaa, na juu yake ameuweka ule mto wa manyoya. Watoto wamekatazwa kuugusa. Picha yake nimekutumia, bila neno hata moja chini yake.

Sasa nanyamaza.

Shemeji yako,
ambaye bado si mzuri